Upepo Uliopimwa Rasini

Paa la darasa la chekechea ya kanisa liling'oka Jumamosi saa tano asubuhi. Kufika Jumatano, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kosa ni la nani. Ni la upepo.

Mimi nililiona likienda. Nilikuwa nachuma maharage upande wa pili wa njia, nikasikia mlio kama wa mtu anayekohoa ndani ya pipa, nikainua kichwa. Paa halikupasuka. Mabati hayakuruka moja moja kama yanavyoruka ya nyumba za watu. Liliinuka lote zima, bati na kenchi zake za mbao, likakaa hewani kidogo kama linafikiri, kisha likalala kifudifudi uwanjani, pale pale watoto wanapochezea. Nikashukuru Mungu kwamba ni Jumamosi. Siku za shule wanakaa mle watoto thelathini na wanne, na mmoja wao ni mjukuu wangu Tuntufye, ana miaka mitano.

Aliyelijenga paa lile ni Abrahamu, mtoto wangu wa kwanza. Nalisema mapema ili mtu asinione naficha.

Jumatano tukaitwa kikao kanisani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni shemeji yangu Andongwisye, mdogo wa marehemu mume wangu. Katibu ni Prosper, wa kiwanda cha chai, mwenye simu kubwa kama kitabu cha nyimbo. Akasimama, akaiinua ile simu tuione, kana kwamba na sisi tulioko nyuma tungeweza kusoma.

"Ndugu wajumbe, taarifa ya kitaalamu imeshafika. Upepo wa Jumamosi ulipimwa kwa mashine. Kilomita mia moja ishirini na moja kwa saa!"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akapiga mluzi humo humo kanisani.

"Hata basi la Dar haliruhusiwi mwendo huo," Prosper akasema. "Sasa niambieni, ni paa gani la bati lingebaki? Hata angejenga nani. Fundi wetu hana kosa."

Abrahamu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, amevaa koti lake. Nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Na mimi yangu yakashuka. Mama ni mama.

Ndipo Andongwisye akatoa azimio. Jumamosi inayokuja vijana watalinyanyua paa na kulirudisha palepale lilipokuwa. Na kwa kuwa upepo wa namna ile unaweza kurudi, wataokota mawe mtoni, makubwa, na kuyapanga juu ya bati ili yalikandamize. Jumatatu watoto warudi darasani.

Mawe! Juu ya vichwa vya watoto!

Nikanyoosha mkono. "Shemeji, naomba kuuliza. Mashine hiyo iko wapi?"

"Ziwani," Prosper akajibu. "Upande wa Matema, kwenye rasi, ule mguu wa mlima ulioingia majini."

"Sasa upepo wa ziwani ndio ulioezua huku Masukulu?"

"Bibi, upepo ni mmoja."

"Migomba yangu iko hatua ishirini kutoka darasa lile," nikasema. "Ina mikungu, mingine imeinamia njia. Migomba ishirini. Kumi na tisa imesimama. Ule mmoja uliolala, nimeukagua, fukusi walishamaliza mguu wake. Huo upepo wa kushinda basi uliruka vipi migomba ukakamata paa?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ila ni kile cha kumcheka mtoto aliyeimba vizuri.

"Shemeji," Andongwisye akasema, "kati ya mashine na mgomba, tusadiki kipi?"

Wakacheka tena. Kikao kikafungwa kwa sala.

Mimi si mtu wa hasira za haraka. Nilimngoja Prosper mlangoni mpaka akamaliza kuagana na wote, nikamwomba simu niisome mwenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Kidole kikigusa kile kioo, maneno yanakimbia. Nikitoa kidole, kioo kinazima.

"Bibi, unanimalizia chaji."

"Nisomee basi yote. Siyo namba kubwa tu. Yote."

Akasoma haraka haraka, mimi naandika nyuma ya daftari la kwaya. Nikamrudisha nyuma mara tatu. Nilichoandika ni hiki: Kituo kiko rasini, juu ya mwamba, mita tisini kutoka usawa wa ziwa. Upepo wa wastani kwa saa nzima ni kilomita thelathini na nane. Mpulizo mkubwa kuliko yote, kilomita mia moja ishirini na moja, kwa muda wa sekunde tatu. Saa nane na dakika arobaini mchana. Umetokea kusini mashariki.

"Prosper," nikamwambia, "paa lilianguka saa tano asubuhi. Saa nane na dakika arobaini tulikuwa tumeshamaliza kulikagua paa uwanjani na kunywa chai. Wewe mwenyewe ulikunywa."

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Basi upepo ulianza huku, ukaenda ziwani."

"Kusini mashariki ndiko ziwani kwenyewe. Ulitoka huko."

"Basi ulipita ukarudi! Bibi, mimi naingia shifti ya jioni." Akawasha pikipiki.

Nilikaa palepale kwenye ngazi ya kanisa na daftari langu. Nilitamani kumrushia.

Jioni nikampigia mdogo wangu Veronika. Ameolewa huko huko ziwani, nyumba yake iko nyuma ya ile rasi, unauona mlingoti wa mashine ukiwa uani kwake.

"Veronika, Jumamosi upepo ulikuwaje kwenu?"

"Upepo gani?"

"Wa kilomita mia moja ishirini na moja."

"Dada, tangu lini napima upepo kwa kilomita? Jumamosi nilianika usipa, dagaa wa wiki nzima."

"Haukupeperuka?"

"Upeperuke wapi! Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru."

"Mashine ya hapo juu kwako ndiyo imesema."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapo juu ni kwingine. Ukipanda pale siku ya upepo wa mwera kanga inakutoka kichwani. Ule upepo unakuja na ziwa lote, ukifika kwenye mwamba hauna njia, unabanwa. Umewaona watu wakitoka kanisani Krismasi? Pale mlangoni wanasukumana, mtu anaweza kukukanyaga akakuvunja. Wakifika uwanjani kila mmoja anatembea zake, anauliza habari za watoto. Basi mashine wameiweka mlangoni."

Ndipo nikaona. Namba si ya uongo. Ni ya pale mlangoni, na ni ya sekunde tatu. Hata ukianza kusali Baba Yetu, hujafika kwenye jina lako.

Alhamisi nikaamka na nguvu. Nilisema nitakwenda kukagua migomba yangu mmoja mmoja, niandike, Jumamosi nikawasomee watu pale darasani kama Prosper alivyosoma. Mkwe wangu Esnath, mke wa Abrahamu, alikuwa anapalilia karibu. Aliponiona naingia migombani na daftari akaacha jembe.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Nahesabu ushahidi."

Hakucheka. Nikashika mgomba wa kwanza, wenye mkungu mkubwa, nikatazama nguzo yake. Tunaegemeza kwa nguzo ya mti na kufunga kwa kamba ya mgomba wenyewe, ndivyo nilivyofunga miaka yote. Lakini mwaka huu magoti yalinisumbua, kazi hiyo aliifanya Esnath. Chini ya majani makavu nikaona kitambaa kimezungushiwa shina, na juu ya kitambaa, waya. Waya mnene, wa kung'aa. Umetoka kwenye shina, ukaenda kwenye nguzo, ukaenda kwenye mgomba wa pili, ukaenda wa tatu. Migomba yangu yote iliyosimama ilikuwa imefungwa kama ng'ombe wa kupelekwa mnadani.

"Esnath. Waya huu ni wa nini?"

Akatazama chini. "Wa migomba, Mama."

"Huu si wa migomba. Huu ni wa ujenzi."

Machozi yakaanza kumtoka, akakaa chini kwenye majani. Ndipo akanieleza. Waya ulinunuliwa kwa ajili ya darasa, wa kufungia kenchi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, kila kenchi mafundo mawili. Abrahamu alikuwa amepata kazi nyingine mjini, Makandana, na mwenye nyumba anampigia simu kila saa. Akaziweka kenchi juu ya ukuta, akapigilia bati, akasema atarudi kufunga. Ule mviringo wa waya ukaletwa nyumbani usiibwe. Miezi mitano. Esnath alimkumbusha mara mbili, mara ya tatu akaambiwa aangalie sufuria zake. Akaona waya unakaa bure, na nguzo za mama mkwe zinalegea.

Nikaufuata ule waya kwa kidole. Kwa hiyo lile paa liliinuka zima kwa sababu lilikuwa limewekwa tu, kama kifuniko juu ya chungu. Na migomba niliyojidai nayo mbele ya watu haikusimama kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Ilisimama kwa sababu imefungwa waya wa paa.

Nikatoka mle, nikaenda kwa jirani, Ambwene, nikatazama migomba yake ambayo sikuwa nimeitazama kwa kuwa niliridhika na yangu. Tisa ilikuwa chini. Tisa kati ya thelathini. Upepo ulikuwepo basi. Si wa kushinda basi, lakini upepo kweli. Prosper alishika namba moja akaacha nyingine, na mimi nikashika shamba langu nikaacha la jirani. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia Prosper na simu yake.

"Kwa nini hukusema kikaoni Jumatano?" nikamuuliza Esnath niliporudi.

"Mama, ningesemaje? Mwenyekiti ni baba mkwe."

Huku kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, wala ndugu zake baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hasemi naye, sauti yake isisikike. Vijana wa mjini wameacha, na wachungaji wanatuambia tuache. Esnath hajaacha. Vikao vyote anakaa nje, nyuma ya dirisha.

"Nitasema mimi," nikamwambia.

"Usinitaje, Mama. Abrahamu ataniuliza."

Ijumaa nilimfuata Abrahamu mwenyewe kwanza. Ni mwanangu, alistahili kusikia kwangu kabla ya watu. Alikuwa ananoa msumeno.

"Mwanangu, zile kenchi ulizifunga?"

Msumeno ukasimama, kisha ukaendelea. "Mama, kilomita mia moja ishirini na moja. Hata ningefunga kwa mnyororo."

"Sikuulizi kilomita."

"Mashine imesema. Kamati imepitisha. Wewe unataka nini? Unataka nionekane fundi wa hovyo? Nani atanipa kazi tena kutoka hapa mpaka Kyimo?"

"Nataka ufunge. Kesho wakilinyanyua, ufunge. Sitasema neno."

"Nikifunga kesho, watu watauliza mbona safari ile hukufunga. Mawe yatatosha." Akaupima msumeno kwa kidole gumba. "Mama, nenda kapumzike."

Kupumzika! Nilimbeba mgongoni akiwa na surua kutoka hapa mpaka hospitali Makandana, na mvua inanyesha, leo ananiambia nikapumzike. Nikaondoka bila kumjibu, kwa kuwa ningemjibu ingekuwa laana.

Jumamosi vijana walikuja wengi. Paa lilinyanyuliwa kwa nyimbo, likarudi juu ya ukuta kufika saa nne. Mawe yalikuwa yamepangwa kwenye njia, kila moja kama kichwa cha ndama. Andongwisye amesimama katikati na fimbo. Prosper anaandika. Mwalimu Agness, anayefundisha wale watoto, anafagia vumbi la matofali. Abrahamu yuko juu ya ngazi.

"Anzeni mawe," Andongwisye akasema.

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe la kwanza.

"Shemeji, ondoka hapo."

"Nina neno."

"Migomba tena?" Prosper akasema, na vijana wakacheka.

"Migomba tena. Nilikosea. Migomba yangu haikuwa ushahidi, ilifungwa waya. Ya Ambwene imeanguka tisa. Upepo ulikuwepo, nimekubali." Vijana wakatazamana. Hawakutegemea. "Na wewe Prosper umekosea. Namba yako imetoka juu ya mwamba, mahali upepo unapobanwa, na ni ya sekunde tatu, saa nane mchana. Chini ya mwamba ule ule mdogo wangu alianika usipa. Isome taarifa yote mbele ya watu. Yote."

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, Bibi."

"Isome," akasema mwalimu Agness. Alikuwa ameegemea ufagio. "Wanaokaa chini ya hayo mawe ni watoto ninaowafundisha."

Prosper akasoma. Safari hii polepole. Alipofika kwenye mita tisini akasita mwenyewe, na kwenye kilomita thelathini na nane sauti ikashuka.

"Sasa upepo wa thelathini na nane," nikasema, "au hata mara mbili yake, haunyanyui paa zima na kenchi zake likiwa limefungwa."

Andongwisye akageuka, akamtazama Abrahamu juu ya ngazi. "Fundi, lilifungwa?"

"Lilifungwa," Abrahamu akasema.

Mwanangu. Mchana kweupe.

"Shemeji, umesikia. Fundi anasema lilifungwa. Wewe nani amekuambia halikufungwa?"

Nilikuwa nimeombwa nisimtaje Esnath. Nikitaja waya, wataniuliza ulifikaje kwangu, na njia yake ni moja tu. Wote wakanitazama. Niliona Andongwisye anainua fimbo kuwaashiria vijana, na kijana mmoja akainama kushika jiwe.

"Waya uko nyumbani."

Ni sauti ya mwanamke, ilitoka nyuma ya ukuta wa darasa. Haikuwa kubwa.

"Waya wa kenchi uko nyumbani. Mviringo mzima. Haukukatwa hata kipande mpaka nilipofungia migomba ya mama."

Andongwisye alishusha kofia ikamfunika macho, akaugeuzia ukuta mgongo. Nikaona vidole vyake vinapapasa kichwa cha fimbo. Nilidhani ataondoka, na akiondoka yeye kikao kimevunjika, na mawe yatapanda.

"Mwambieni," akasema, akiwaelekea vijana, "mwambieni huyo aliye nyuma ya ukuta, alete huo waya."

"Anasema ulete waya!" kijana mmoja akapaza sauti, kana kwamba ukuta ni mlima.

"Mwambieni nimesikia," Esnath akajibu.

Abrahamu akashuka ngazi. Hakunitazama. Alipita karibu na jiwe nililokalia, nikasikia pumzi yake tu.

Tuliufungua waya pamoja mimi na Esnath, mgomba kwa mgomba, mikono ikatuchubuka. Mikungu miwili iliinama palepale tulipoachia. Waya, kwa kuwa ulishakatwa vipande, haukutosha kenchi zote, Agness akaenda kuomba mwingine kwa Ambwene.

Wakati tunangoja, nikamwomba Prosper abadilishe kwenye taarifa ya kamati inayokwenda kwa wakubwa wa kanisa. Aandike na zile namba nyingine, na saa, na ule mwamba.

"Bibi, fomu ina nafasi moja tu. Imeandikwa kasi ya upepo. Nimeshajaza kwa kalamu."

"Ukajaza ngapi?"

"Mia moja ishirini na moja."

"Futa."

"Kalamu haifutiki. Na huko juu kwa wakubwa waliisoma tayari kwa simu." Akakunja fomu, akaitia mfukoni. Kwa hiyo huko juu, mpaka leo, darasa letu liliezuliwa na upepo wa juu ya rasi, saa tatu na dakika arobaini kabla upepo wenyewe haujavuma. Nikifikiria nakosa usingizi.

Mvua ikaanza kunyesha kama saa nane. Vijana wengi wakaondoka. Abrahamu akapanda, akaanza kufunga. Mimi nikaingia ndani ya darasa, nikasimama chini ya kenchi ya kwanza, natazama juu, maji yanapenya matundu ya misumari na kuniingia machoni.

Akakaza fundo kwa koleo, akashuka hatua moja. "Tayari."

"Tikisa."

"Mama."

"Tikisa nione."

Akatikisa. Haikusogea. Nikahamia ya pili. Ya tatu. Hatukuwa tunasema lolote ila tikisa na tayari. Kwenye ya saba ilicheza kidogo, upana wa kidole. Aliiona na mimi nikaiona. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana yake, na macho yale hayakuwa ya mtoto kwa mama, yalikuwa ya mtu aliyechoshwa. Nilidhani atashuka aende zake.

"Hiyo bado," nikasema.

Akakata fundo, akaanza upya.

Zilikuwa kenchi kumi na moja. Alipomaliza ya mwisho alikusanya koleo na nyundo, akavaa koti lake lililolowa, akaondoka kwa njia ya chini isiyopita kwangu. Esnath alimfuata kwa mbali. Wiki ya tatu hii hajaja kunisalimu. Salamu zake analeta Tuntufye akitoka shule.

Yale mawe bado yako njiani. Nimemwambia Andongwisye mara mbili yaondolewe, magari ya chai yanashindwa kupita. Anasema ataitisha kikao.